Kiboko Aliyepanda Jiwe la Majigambo

Hodi na ngano!

— Karibu! Imekuja na nini?

Imekuja na pua ndefu!

— Itangulize pua, mwili utafuata!

"Na wewe, kitoto, unaweza nini?"

Aliyeuliza ni Kiboko. Aliyeulizwa ni Kidawa, binti Sange. Sange mnamjua? Ni yule mnyama mdogo wa vichakani, panya si panya, mwenye pua ndefu kama mrija, pua inayochezacheza mchana kutwa kama inayotafuta kitu ilichokidondosha. Basi Kidawa alikuwa amesimama juu ya jiwe, wanyama wote wakimtazama, pua inacheza. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

Yeye hakujibu, mama yake hakumjibia, na mkubwa mwingine yeyote pale hakujibu.

"Haya, shuka," akasema Kiboko. "Huna unachoweza, huna fungu. Tikiti lake nileteeni mimi."

Tikiti likasukumwa, bingiri, bingiri, bingiri, mpaka kwenye lundo la Kiboko.

Ngojeni kwanza, tuelewane kuhusu hayo matikiti. Shamba lile lililimwa kwa msaragambo. Siku ya msaragambo kila nyumba hutoa mtu, na kila mtu hufanya anachokiweza, na mavuno ni ya wote. Kobe alinyoosha mistari. Kanga alichakura magugu. Mama Sange na bintiye walitoboa mashimo ya mbegu kwa pua zao, moja baada ya jingine, tu, tu, tu, shamba zima. Na Kiboko je? Kiboko alikuwa mtoni. Alitoa kichwa majini siku moja tu, akauliza, "Yameiva?" Akaambiwa bado. Akazama, bluuu!

Yalipoiva, akatoka. Na alitoka wakati mbaya, kwa sababu kiangazi kilikuwa kimeshafika mlangoni. Vijito vinakauka, majani yanakauka. Tikiti ndilo chakula, tikiti ndilo maji. Kwa nyumba kama ya Sange, tikiti moja ni kiangazi kizima. Hakuna tikiti, hakuna kuiona mvua ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa desturi yao ilikuwa nzuri, ndicho kinachoudhi. Kabla ya kugawana, kila mtoto aliyelima kwa mara ya kwanza hupanda Jiwe la Majigambo, pale kwenye uwanja usio na mti, akajitaja: mimi ni fulani wa fulani, naweza hiki na hiki. Wakubwa huitikia, "Ehee!" Wakiridhika husema, "Tumetosheka!" Hapo mtoto hushuka, hupewa tikiti lake, hupigiwa vigelegele. Tangu zamani hakuna mtoto aliyenyimwa. Kuna mwaka mtoto mmoja alisema, "Naweza kulala popote," naye akapigiwa vigelegele mpaka akaamka.

Mwaka ule Kiboko akajifanya hakimu. Nani angemkatalia? Mdomo ule ukifunguka, nyumba ya Kobe inaingia pamoja na uwanja wake. Akatangaza: kuweza ni kubeba, kusukuma na kuuma. Mengine ni michezo ya watoto.

Akapanda mtoto wa Kanga. "Naweza kumwona mwewe kabla mwewe hajaniona!"

"Unaweza kumbeba huyo mwewe?"

"Siwezi."

"Huna unachoweza. Shuka!" Bingiri, bingiri, bingiri.

Akapanda mtoto wa Kobe. Akaanza, "Mimi na-we-za..." Kiboko akapiga mwayo. Mtoto akayaona yale meno, akateremka mbio, na mnajua mbio za kobe. Kiboko akanguruma: "Ameshuka kabla wasikilizaji hawajatosheka! Sheria ni sheria. Anayeshuka kabla hatujatosheka hana fungu, hata awe nani!"

Hata awe nani. Aliyasema mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, na mdomo wenyewe si wa kusingiziwa.

Ndipo akapanda Kidawa, na mmeshasikia yaliyompata.

Kidawa alirudi akajificha chini ya ubavu wa mama yake. Akalia kidogo. Halafu, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaanza.

"Mama."

"Nini?"

"Kwa nini kuweza ni kubeba tu?"

"Nyamaza, mwanangu."

"Kwani mbegu zilijifukia zenyewe?"

"Nyamaza, atakusikia."

"Mama, na yeye ameshapanda jiweni?"

Mama Sange akataka kusema nyamaza mara ya tatu. Lakini akakumbuka ni mara ngapi alikwisha kulisema. Asubuhi: mama, kwa nini siafu hawapigi hodi? Nyamaza. Mchana: mama, umande unalala wapi jua likitoka? Nyamaza, maswali yako yatanitoboa masikio. Jioni: nyamaza. Mtoto ameambiwa hivyo tangu alipofumbua macho. Siku akiulizwa anaweza nini, atasema nini?

"Hajapanda," mama akajibu taratibu. "Hajawahi kupanda hata siku moja."

Kidawa akajifuta pua. Ni kazi, pua yenyewe ni ndefu. Akaenda, tip, tip, tip, mpaka mbele ya Kiboko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Hapana, babu. Nimekuja kujifunza. Sisi watoto hatujui kujigamba. Hatujawahi kuyasikia majigambo ya mkubwa kweli kweli. Labda babu ungetuonyesha."

Kiboko akalitazama lundo lake. Akawatazama wanyama. Akakitazama kivuli chake, akakipenda.

"Kweli hamjasikia?"

"Hata neno, babu."

"Masikini! Nipisheni!"

Akapanda jiweni. Ndi! Ndi! Ndi! Jua lilikuwa limefika utosini, na jiwe lilikuwa limeanza kuwa kikaango. Kiboko akavimba.

"Mimi ni Kiboko wa Kiboko! Mto ukiniona unasogea! Nikipiga chafya samaki wanahama!"

"Ehee!" wakaitikia wanyama.

Kanga, kwa mazoea yake ya kutaka mambo yaishe upesi, akainua shingo aseme "Tumeto..." Mama Sange akaruka, akamkumbatia mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mama Kidawa, unaniua!"

"Nakuomba, shoga yangu, nyamaza wewe leo. Mwache mwanangu aulize."

Kidawa alimsikia. Aligeuka akamtazama mama yake, na pua ikaacha kutetemeka. Akamrudia Kiboko.

"Halafu, babu?"

"Halafu nikapigana na mamba saba!"

"Halafu?"

"Halafu wakakimbia!"

"Wakakimbilia wapi?"

"Mashariki!"

"Wote saba?"

"Wote saba!"

"Kwani upande huo si nchi kavu, babu?"

Wanyama wakacheka chini chini. Kiboko akahamisha mguu mmoja, jiwe linachoma. Akahamisha mwingine. Chwaa, chwaa.

"Halafu, babu?"

"Halafu... halafu nikamfukuza simba!"

"Babu, mbona unatoka jasho jekundu?"

"Hiyo ni... hiyo ni rangi ya ushujaa!"

"Halafu?"

"Mtoto, huchoki?"

"Sichoki, babu. Halafu?"

Ngozi ya kiboko na jua havielewani, hata mtoto mchanga wa kiboko anajua. Mgongo ukaanza kukauka. Ukaanza kuvuta. Ukaanza kusema kra, kra, kra. Mto uko pale, hatua ishirini, maji yanametameta, na Kiboko anayatazama kama mtu anayeangalia chakula cha jirani.

"Nimemaliza!" akapiga kelele. "Semeni mmetosheka!"

Wote wakamtazama Kidawa.

"Limebaki moja tu, babu, dogo. Siku ya msaragambo ulilima mstari upi?"

"Mstari?"

"Ndiyo, babu. Kobe anao wake. Kanga anao wake. Mimi mashimo yangu nayajua, nikuhesabie?"

"Nililima... mimi nililima ule..."

"Upi?"

"Ule wa..."

"Wa wapi, babu?"

Kra! ukasema mgongo. Kiboko hakungoja tena. Akaruka kutoka jiweni, pwata, pwata, pwata, akapita katikati ya wanyama, na chubwiii! Mto ukapanda juu, ukarudi. Yakabaki matundu mawili ya pua yanaelea yakihema.

Mtoto wa Kobe ndiye aliyetangulia kusema, kwa mwendo wake.

"A-me-shu-ka."

"Na hatujatosheka!" akasema mtoto wa Kanga.

"Na sheria ni sheria," akasema Kobe mkubwa, akikohoa kidogo kwa furaha. "Hata awe nani."

Lundo likavunjwa. Kila tikiti likarudi lilikotoka, bingiri, bingiri, bingiri. Kobe mkubwa akamwita Kidawa: "Mjukuu wangu, wewe hukumaliza. Panda tena."

Kidawa akapanda. Jiwe linachoma, akawa anasimama kwa zamu, mguu huu, mguu ule.

"Mimi ni Kidawa binti Sange!"

"Ehee!"

"Naweza kuuliza!"

"Ehee!"

"Nikiuliza mara moja, mnaninyamazisha! Nikiuliza mara mbili, mnafikiri! Nikiuliza mara tatu, kiboko anaogelea!"

"Ehee! Tumetosheka! Tumetosheka!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo havikuwa na mfano, na kilichovuka vyote kilitoka kwa Mama Sange, ambaye mpaka siku hiyo hata yeye hakujua ana koo la namna hiyo. Wakalisukuma tikiti lao nyumbani wawili, mama kulia, mtoto kushoto. Njiani Kidawa akauliza, "Mama, na Kiboko atakula nini?" Mama hakusema nyamaza. Alifikiri, akasema, "Hilo swali gumu." Wakarudi, wakachukua tikiti moja lililopasuka kwenye purukushani, wakalitumbukiza mtoni. Hakustahili, tusidanganyane. Lakini kiangazi ni kirefu. Kiboko akalila na maganda yake. Hakusema asante. Alisema, "Mmh."

Ngano yangu imefika, mimi nimechoka, na ninyi mmekaa tu.

— Tumekaa na masikio!

Basi pokeeni na fundisho lake, maana ngano bila fundisho watu hugoma kwenda kulala. Fundisho ni hili: watoto wasiwe wanaulizauliza maswali wakubwa wakizungumza. Si mmeona wenyewe hasara iliyompata Kiboko wa watu, mzee mzima, asiye na kosa lolote isipokuwa lile moja na yale mengine?

Na wewe mrefu uliyekaa mbele, nyuma yako kuna mtoto amenyoosha mkono tangu katikati ya ngano. Naomba usogee kidogo, tumwone.