Bao la Pangani na Muskat

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzijuzi tu, ukurasa wa mtandao ulikuwa na deko. Unataka mchezo? Weka kwanza programu-jalizi, kiprogramu cha nyongeza. Unataka sauti? Weka nyingine! Bi Hidaya wa Pangani aliziweka zote, akawa anacheza bao na dada yake, Bi Shufaa, aliyeko Muskat. Siku moja skrini ikamwambia: programu-jalizi hii haitumiki tena. Bao likafa. Bi Hidaya alilia, maana dada yake alikuwa mgonjwa, hataki kuongea na mtu, ulimi wake ulifunguka kwenye bao tu.

Akawaita wajukuu zake. "Atakayenirudisha kwenye bao na dada yangu, nampa bao la marehemu babu yenu." Bao la mvule, alilolichonga mwenyewe!

Kombo akaandika ukurasa kwa HTML mpya, lugha ya kuundia kurasa za mtandao, akaweka humo turubai ya kuchorea. Mashimo hayo, bila programu-jalizi yoyote! Ruwaida akaandika amri. Gusa shimo, kete zinatembea! Bi Hidaya akapiga kigelegele.

Lakini Muskat, kimya. Binti wa Bi Shufaa akapiga simu: mama macho yamefifia, hajui zamu yake ikifika.

Ndipo Tatu, ambaye mpaka hapo alikuwa anapika chai tu, akamrekodi bibi yake: "Zamu yako, dada, au umelala?" Akaitia sauti hiyo ukurasani, mstari mmoja wa HTML ileile.

Simu ikalia. "Silali ng'o!" Bi Shufaa huyo, anacheka. "Na usiniibie kete, Hidaya, nakujua!"

Furaha iliyoje! Kisha mikono mitatu ikalishika bao la mvule.

"Bila ukurasa wangu, kete mngezimwaga wapi?" akauliza Kombo.

"Ukurasa wako ulikuwa picha ya ukutani," Ruwaida akamkata. "Mimi ndiye niliyeuamsha, usingizi sikuuona!"

"Mimi nimeandika mstari mmoja," akasema Tatu. "Lakini bibi, dada yako aliitikia nini?"

Bi Hidaya akawatazama. Wote anawapenda, na bao likipasuliwa vipande vitatu ni kuni. Simuni dada yake anapayuka: "Zamu yako, Hidaya, au umelala?"

Haya, wasikilizaji, msaidieni upesi, dada anangoja. Je, nani alistahili?