Kinyozi Aliyemleta Mfalme kwa Siku Tatu

Hapo zamani, wakati barua zilipokwenda kwa miguu na matusi yakizipita njiani, palikuwa na mji uitwao Kundeni, na sultani wake akiitwa Madi bin Shee. Sultani huyu alikuwa na wajumbe katika nchi saba, na kazi yao ilikuwa kula vya watu, kumsifu mpishi, na kuandika barua. Mfalme wa ugenini akipiga miayo mbele yao, huandika, "Amefungua kinywa chake kwa mapenzi." Akiwafukuza barazani, huandika, "Tumeagana mapema kwa kuelewana." Basi Sultani akisomewa barua hizo hulala usingizi mzuri, na wajumbe nao huko waliko hulala usingizi mzuri, ikawa mambo ya nchi yote yanaendeshwa na watu waliolala.

Tena Sultani alikuwa ameweka sheria, ikapigiwa mbiu sokoni mara tatu: "Mjumbe ni yule aliyemtuma. Akiketi mjumbe, ameketi bwana wake. Akitukanwa mjumbe, ametukanwa bwana wake."

Siku moja ikafika barua ya Bwana Kingo, mjumbe wa Sultani katika nchi ya Zimbari, mwendo wa siku arubaini. Kingo alikuwa mpya katika kazi, hajajifunza adabu ya kuandika, naye akaandika mambo kama yalivyokuwa: kwamba katika karamu ya mfalme wa Zimbari wajumbe wengine wote walipewa mito ya kukalia, naye peke yake akaketishwa juu ya mkeka mtupu.

"Mimi!" akanguruma Sultani. "Mimi nimeketishwa chini!" Ikatoka amri kila nyumba itoe mwanamume mmoja, na majeshi yaondoke Ijumaa baada ya sala kwenda kupigana na Zimbari. Na wakati huo mpunga ulikuwa umeinamisha masuke, wiki moja tu kabla ya kuvunwa, basi kila mtu akajua kwamba mwaka ule watakaovuna ni ndege.

Sasa palikuwa na kinyozi hapo mjini, jina lake Ngwali, fukara asiyemiliki kitu ila wembe, kinoo na ulimi, na ulimi ndio uliokuwa mkali kuliko vyote. Aliposikia mbiu ya vita akasema mbele ya watu, "Wallahi sijapata kuona makalio yenye thamani hii! Watu elfu wakafe kwa kuwa yamegusa mkeka!" Na maneno hayana mlango wa kufungia, yakafika kwa Sultani kabla povu halijakauka kwenye kidevu cha mteja. Ngwali akakamatwa, akaletwa barazani.

"Ewe kinyozi," akasema Sultani, "nimesikia unayahurumia majeshi yangu."

"Labeka, Bwana wangu. Nayahurumia, maana vichwa vile vyote huvinyoa mimi."

"Vema. Nakupa njia ya kuyaokoa. Mlete mfalme wa Zimbari, aniombe radhi hapa barazani, mbele ya uso wangu, kabla ya sala ya Ijumaa. Usipomleta, majeshi yataondoka, na kichwa chako kitatangulia mbele yao juu ya mkuki."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Watu wa baraza wakacheka, kwani walijua kwamba hata ndege hawezi kwenda Zimbari na kurudi kwa siku tatu. Ngwali akaweka mkono kifuani akasema, "Kusikia ni kutii," akatoka.

Siku ya pili akaenda kumnyoa Mzee Dalu, mjumbe wa mfalme wa Zimbari aliyekuwa akikaa Kundeni. Alimkuta anafunga mizigo.

"Mjumbe hauawi, ndivyo mnavyosema," akasema Mzee Dalu, "lakini sijasikia mahali waliposema hapigwi mawe. Nyoa upesi, baba. Miaka kumi na tisa nimekaa hapa. Wajukuu wangu nawajua kwa barua tu. Nimekula wali wenu, nimeusifu hata siku ulipoungua, na leo naondoka kwa ajili ya mto."

Wembe wa Ngwali ukateleza, akamkata sikio kidogo, jambo ambalo halijapata kumtokea. Akamweleza yote yaliyompata, kisha akamwomba aje barazani Ijumaa aombe radhi.

"Siwezi," akasema Mzee Dalu. "Kuomba radhi sina idhini. Lazima niandike kwetu nijibiwe, siku themanini."

"Je, kusikitika?"

Mzee akafikiri. "Kusikitika nina idhini ya daima."

Ikawa Ijumaa, baraza imejaa, mkuki umekwisha kunolewa. Ngwali akasimama mlangoni akapaza sauti, "Amefika mfalme wa Zimbari!" Wote wakageuza shingo, na tazama, anaingia Mzee Dalu, na kitambaa sikioni.

"Wanifanyia mzaha?" akafoka Sultani. "Huyu ni mjumbe!"

"Ndiyo, Bwana wangu. Na sheria yako yasema mjumbe ni yule aliyemtuma. Ikiwa huyu ndiye mfalme wa Zimbari, nimemleta, na vita havipo. Ikiwa siye, basi yule aliyeketi juu ya mkeka kule Zimbari hakuwa wewe, alikuwa Bwana Kingo tu na makalio yake mwenyewe, na vita havipo. Chagua upendalo."

Sultani akamtazama waziri wake, waziri akatazama dari. Mwisho akasema kwa shida, "Ni mfalme. Na aniombe radhi, basi."

Mzee Dalu akainama, kisha kwa mazoea akaenda kuketi mahali pake pa siku zote, karibu na mlango, pale watu wanapovulia viatu. Makubadhi ya waziri yalikuwa yamegusa goti lake.

"Bwana wangu," akasema Ngwali taratibu, "huyo ni mfalme. Miaka kumi na tisa umemweka penye viatu. Nani amwombe radhi nani?"

Sultani akaona aibu, aibu ya kweli, hata masikio yakamwiva. Akauliza, "Mzee Dalu, ulimwandikia nini bwana wako miaka yote hiyo?"

"Nilimwandikia, ewe Sultani, kwamba katika baraza ya Kundeni hapana mtu aingiaye wala atokaye ila hupita mbele yangu. Akafurahi sana. Kama ningeandika viatu, majeshi yake yangekuwa hapa mwaka ule wa kwanza."

Basi Sultani akateremka kitini, akauchukua mto wake kwa mkono wake mwenyewe, akaupeleka mpaka mlangoni. "Niwie radhi, mfalme mwenzangu," akasema. Naye Mzee Dalu akakalia mto, akasikitika kwa kadiri ya idhini yake. Majeshi yakavunjwa, watu wakatoka mbio kuwahi mpunga wao.

Kisha Sultani akamwita Ngwali. "Kinyozi, una akili. Kingo nitamrudisha, nawe nitakutuma Zimbari badala yake. Nyumba, mavazi, karamu kila siku."

"Bwana wangu, nakushukuru," akasema Ngwali, "lakini kwa sheria yako, nikifika kule nitakuwa wewe. Nami akili zangu bado nazihitaji."

Sultani akamkazia macho. Halafu akacheka, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Na watu wa baraza wakangoja kwanza, wakatazamana, kuona kama idhini ya kucheka imekwisha kutoka.

Nami niliyewasimulia haya sikutumwa na mtu. Mkikasirika, nikasirikieni mimi peke yangu.