Digidigi na Mtindo wa Magoti Nje

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani hasa, kabla mbu hajajifunza kupiga kelele masikioni mwa watu, alikuwako Digidigi mmoja aliyeitwa Tunu. Digidigi mnamjua: paa mdogo mno, miguu myembamba kama njiti. Ukimtazama yupo, ukipepesa macho, chwi chwi chwi, hayupo.

Tunu alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake Raziki. Mama yao alipofariki, Tunu ndiye aliyemlea, akamlisha, akamsuka, akamchapa kidogo pale alipostahili. Baadaye Raziki akaenda kukaa kwa shangazi yao huko Mbuga Kuu, mwendo wa siku nane kwa miguu. Siku ya kuondoka alimshika dada yake shingoni, akasema, "Dada, siku nitakayoolewa, wewe ndiye utakayenishika mkono kunitoa ndani. Usipokuja, sitoki."

"Nitakuja," akasema Tunu.

Na siku ikafika. Tunu akafunga gauni lake zuri kwenye furushi, akashika njia. Siku ya tatu alivuka mto, na mto ukalichukua furushi, chubwi, likaenda zake. Siku ya tano aliingia kwenye miiba ya migunga, nayo ikaanza kulitafuna gauni lililobaki mwilini. Chwaa, bega. Chwaa, ubavu. Siku ya nane aliingia Mbuga Kuu amevaa matambara, na matambara yenyewe ameyashika kwa mkono yasidondoke, kwa maana njiani alikuwa amekonda pia.

Mlangoni kwa wenye harusi alisimama Kifaru.

"Shikamoo, baba," akasema Tunu.

"Marahaba. Sare yako iko wapi?"

Wanangu, mji mzima ulikuwa umekubaliana kuvaa kitambaa kimoja siku hiyo, cha zambarau chenye maua meupe. Kifaru haoni vizuri, kila mtu anajua, lakini zambarau aliifahamu, na maua alikuwa anayapapasa kwa pua.

"Baba, mimi nimetoka mbali. Mimi ni dada yake bibi harusi."

"Leo kila mwenye njaa ni dada yake bibi harusi," akasema Kifaru.

Hapo dirisha dogo likafunguka, na sauti ikatoka ndani. "Dada Tunu? Ni wewe?"

"Ni mimi, mdogo wangu."

"Dada, fanya haraka. Wamesema jua likishuka likagusa kile kichuguu, na wewe hujaingia, mama mkwe ndiye atakayenitoa."

"Si ulisema hutoki bila mimi?"

"Sitoki," akasema Raziki. "Lakini ni wakubwa, dada. Watanibeba."

Tunu akamgeukia Kifaru. "Umesikia mwenyewe, baba."

"Nimesikia," akasema Kifaru. "Lakini amri ni amri. Asubuhi nimemrudisha hata bwana harusi akabadilishe shati. Lete sare, uingie."

Tunu alitazama jua, akatazama kichuguu. Moyo ulimuuma. Siku nane amekanyaga mawe na mbigili kwa ajili ya mkono ule mmoja wa mdogo wake, na sasa anakwamishwa na kitambaa. Akakimbia sokoni, chwi chwi chwi, huku ameshika matambara.

Fundi wa mji alikuwa Nungunungu. Huyo hakuhitaji kununua sindano wala pini. Akitaka moja, anapeleka mkono mgongoni, pwi, anachomoa.

"Fundi, habari za kazi? Naomba unishonee sare."

"Kitambaa cha sare kimekwisha mji mzima, binti. Hakuna hata cha kufutia pua. Lakini ngoja." Akatungua gauni lililokuwa linaning'inia mlangoni. "Hili la Bi Nyumbu. Aliniagiza, hakurudi. Jaribu."

"Fundi, hili la kijani."

"Utamwambia Kifaru jua limelibadilisha rangi. Vaa kwanza."

Tunu akaingia kwa shingoni. Akatafuta pa kutokea, akapotea, akaita, akajibiwa, na mwisho akatokea kwenye mkono wa kushoto.

Fundi akalitazama kwa makini. "Linakupwaya kidogo. Chukua tu, utalikulia."

"Fundi, mimi nimeshakua."

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja watatu, wanasubiri mavazi yao ya sare yapigwe pindo. Wa kwanza Mzee Nyati, na kanzu. Wa pili Mama Kiboko, na gauni ambalo likitandikwa mnaweza kulilalia nyote. Wa tatu Bi Twiga, na gauni refu kuliko barabara ya sokoni. Yote yalikuwa ya kuburura, maana siku hizo ukubwa wa mtu ulipimwa kwa kitambaa anachokiburura nyuma.

Tunu akawaamkia kwa adabu, kisha akasema, "Wazee wangu, naomba mnipishe kidogo nizungumze na fundi. Nina haraka ya harusi."

"Sisi tunakwenda msibani?" akauliza Bi Twiga kutoka huko juu.

"Wewe kadogo," akasema Mzee Nyati, "una haja gani ya fundi? Kachume jani moja ujifunge. Jani moja linakutosha."

Wakacheka wote watatu, benchi likalia kriii.

Tunu hakujibu. Wanangu, mdogo akinyamaza mbele ya wakubwa, msidhani ameshindwa. Macho yake yalikuwa chini, na pale chini aliona kipande cha zambarau kilichodondoka kwenye pindo la Mzee Nyati. Akakiokota, akakipima mkononi. Kikafika kutoka begani mpaka kiganjani. Mkono mzima wa gauni, huo hapo.

Akamsogelea fundi, akanong'ona, "Fundi, mabaki ni ya nani?"

"Mabaki ni ya fundi. Ndiyo desturi yetu tangu babu yangu."

"Na leo yakiwa mengi sana, utanishonea gauni?"

"Kesho," akasema fundi kwa mazoea.

"Fundi."

Nungunungu akamtazama. Kisha akawatazama watatu wa kwenye benchi na vitambaa vyao vya kuburura, na macho yake yakaanza kucheka. "Haya," akasema. "Leo."

Tunu akaenda kukaa kwenye jiwe, akaanza kucheka peke yake. Kwi kwi kwi. Akaziba mdomo. Kwi kwi.

"Unacheka nini?" akauliza Mama Kiboko.

"Si kitu, mama."

"Mtu hacheki bure."

"Mama, mimi mpita njia tu. Wenyeji mna mambo yenu, na mgeni hafai kusema sema."

Hapo Mama Kiboko akawashwa masikio kabisa. Na Mzee Nyati akasogea, na Bi Twiga akashusha shingo mpaka chini. "Sema, mwanangu," akasema Bi Twiga, na sasa hakuwa tena kadogo, alikuwa mwanangu.

"Basi msinikasirikie," akasema Tunu. "Mimi nimetembea siku nane, nimepita miji mitano. Huko kote vazi linaishia hapa." Akagusa goti. "Mtu mzito, mtu wa heshima, magoti nje. Wakimwona aliyevaa refu, wanaulizana pembeni: maskini, magoti yake yana nini?"

Mzee Nyati akashusha macho kwenye kanzu yake.

"Yana nini vipi?" akauliza Mzee Nyati.

"Sijui, mzee. Wanasema anayafichia nini kama hayana kitu? Lakini hayo ni ya huko. Hapa Mbuga Kuu sijui. Ila nasikia bwana harusi ana wageni wengi wametoka huko huko."

Hayo yote ya magoti na wageni aliyatunga palepale, mabichi kabisa. Wakatazamana.

"Mimi magoti yangu hayana kitu," akasema Bi Twiga haraka.

"Mimi yangu yalisifiwa sana ujanani," akasema Mzee Nyati.

Mama Kiboko aliinama kuyatafuta ya kwake. Hakuwa ameyaona miaka mingi, lakini alikuwa na hakika yapo. "Fundi," akasema, "kwani kukata kunachukua muda mrefu?"

"Kukata?" Fundi akainua mkasi. "Kupiga pindo refu ndiko kunakonichosha. Kukata ni sasa hivi. Lakini mavazi mazuri hivi, jamani, mna hakika?"

"Kata," akasema Mzee Nyati.

Kacha, kacha, kacha. Ikadondoka kanzu ya Mzee Nyati kuanzia magotini kwenda chini. Kacha, kacha, likadondoka la Mama Kiboko, pu, kama godoro. La Bi Twiga likachukua muda kidogo, kwa sababu kitambaa kiliendelea kudondoka tu. Kisha wakaondoka mmoja mmoja wakitembea kwa maringo, upepo unawapuliza mahali ambapo haujawahi kuwapuliza.

Walipopinda kona, fundi na Tunu wakaangua kicheko mpaka miiba ya fundi ikagongana mgongoni. Kisha kazi ikaanza. Fundi akampima Tunu kiuno, akampima bega, akapima tena kwa sababu hakuamini namba. Mwili wa gauni ulitoka kwa Bi Twiga, mikono ikatoka kwa Mzee Nyati, na marinda ya chini yakatoka kwa Mama Kiboko, mengi ya kutosha na kusaza. Tatatata, cherehani ikalia. Tunu alikuwa dirishani anatazama jua. Lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kufika kwenye kichuguu, kisha vidole viwili.

"Fundi, nakuomba."

"Kifungo cha mwisho, binti. Kifungo hakitaki pupa."

Tunu akalivaa. Wanangu, tangu ile miiba ya njiani alikuwa anaishi ndani ya nguo inayomkimbia. Sasa hili lilimkaa. Halikubana, halikupwaya, likamshika kiunoni na kumwachia miguuni, na marinda yakafunika mpaka kwato. Alijigeuza mara moja tu, akajisikia yeye ndiye Tunu tena, akataka kulia kwa furaha, ila muda hakuwa nao. Akakimbia.

Kifaru akainamisha pua. Akaona zambarau, akapapasa maua. "Hii ndiyo sare," akasema. "Pita, dada yake bibi harusi."

Ndani, mama mkwe alikuwa ameshanyoosha mkono, na Raziki ameshikilia mguu wa kitanda kwa nguvu zote. Alipomwona dada yake mlangoni akauachia ule mguu, akalia, akacheka, vyote pamoja. Tunu akamfuta machozi kwa pindo la mkono uliokuwa wa Mzee Nyati. "Nilikwambia nitakuja," akasema, akamshika mkono, wakatoka. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa kichuguu. Vigelegele vikapigwa mpaka ndege wakahama mti.

Sasa Tunu akakumbuka wale watatu, na hofu ikamwingia. Na kweli, hao, wanaingia uani: Mzee Nyati, Mama Kiboko, Bi Twiga, magoti sita nje. Watu wakawageukia. Tunu akasogea karibu na ukuta, tayari kwa mbio.

Bibi Tembo, mkubwa kuliko wote, akawazunguka taratibu, akawatazama mbele na nyuma. Kisha akauliza, "Hayo mmeshonewa wapi?"

"Ndiyo yanayovaliwa sasa," akajibu Mzee Nyati, kifua mbele. "Anayevaa refu, jiulize magoti yake yana nini."

Bibi Tembo akakunja gauni lake palepale mpaka magotini. Pundamilia akakunja. Nyumbu wakakunja. Hata Kifaru, mlangoni, alionekana anakunja. Ngoma ikapigwa, na usiombe kukosa: vumbi, magoti, magoti, vumbi. Mtu mmoja tu kwenye harusi nzima alikuwa amefunikwa mpaka kwato. Bi Twiga akamwinamia na kumwambia kwa huruma, "Mwanangu, umepita miji mitano yote na bado umevaa kizamani? Ungetuambia tukusaidie."

"Ahsante, shangazi," akasema Tunu, akiuma ulimi asicheke.

Baada ya siku tatu akaagana na mdogo wake, akashika njia ya nyumbani. Katika mji wa kwanza wote walikuwa magoti nje. Mji wa pili vilevile. Ndege walishapita na habari, nao ndege hawana breki. Mji wa tatu watoto walimfuata wakinyoosha vidole. Tunu alikuwa anacheka mwanzoni, kisha akacheka kidogo, kisha akawa anapita pembeni ya njia.

Siku ya nane alifika kwake. Jirani yake Pimbi, ambaye maisha yake yote hajawahi kuvuka jiwe la tatu, alikuwa ameketi mlangoni na gauni fupi jipya.

"Karibu nyumbani, jirani," akasema Pimbi, akamtazama kutoka shingoni mpaka kwato, akashusha sauti. "Lakini niambie ukweli. Magoti yako yana nini?"

Tunu akakaa chini na gauni lake lote, akacheka mpaka marinda ya Mama Kiboko yakajaa vumbi.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, wanangu, nami nasema hivi: ukitunga uongo safarini, ujue nao una miguu, na huenda ukakutangulia nyumbani.