Muhogo wa Nazi na Milango Saba

Palikuwa na sultani aliyekaa kitini miaka thelathini bila kula chakula cha moto hata siku moja, wala hakujua kwamba amekosa kitu. Iliwezekanaje? Hilo limenishinda kulitegua. Nimewauliza wapishi, nimewauliza waliosoma. Kila mmoja alinipa jibu, na hakuna jibu lililonitosha. Tuliache hapo lilipo.

Sultani huyo aliitwa Shekue, na mji wake Mwakiza. Siku moja ya masika alikuwa dirishani, akamwona hamali amejibanza ukutani anakula muhogo wa nazi. Kila tonge, hamali analipuliza kwanza. Sultani akamwuliza waziri kama yule mtu anazungumza na chakula chake. Waziri akaeleza kwamba chakula ni cha moto, kinapozwa. Sultani akasikiliza kama mtu aliyepewa habari ya nchi ya mbali. Kisha akataka kujua nani mpishi.

Mpishi alikuwa Mwanamize, mjane wa upande wa soko, mwenye kibanda, mafiga matatu na ulimi. Akapelekewa amri: alete muhogo jumbani kila adhuhuri, uwe wa moto wa kupulizwa. Amepewa siku tatu. Siku ya tatu ukifika wa baridi, mafiga yake yatang'olewa, na asiwashe tena moto Mwakiza. Mafiga hayo ndiyo yaliyomlisha yeye na mama yake. Kazi nyingine hakuwa nayo.

Siku ya kwanza Mwanamize alikifunga chungu kwa kanga mbili, akakifunika kawa, na juu ya kawa jani la mgomba kwa ajili ya mvua. Mpaka mlango wa kwanza wa jumba, mvuke ulikuwa bado unatoka. Lakini jumba lilikuwa na milango saba, na kila mlango bawabu wake, na mabawabu wa sultani ni watu wa adabu. Apitaye na chakula sharti akaribishe. Mwanamize akasema karibu. Bawabu akafunua kawa, akatazama, akashukuru, akasema ameshiba. Akakaribishwa mara ya pili, akakataa. Ya tatu akakataa kwa kiapo. Ndipo akauliza hali ya mpishi, hali ya mama wa mpishi, hali ya mbuzi wa jirani. Akafunika. Mlango wa pili, vivyo hivyo. Bawabu wa tano alikuwa mzee. Alisahau kama amekwisha kukataa, wakaanza upya. Muhogo ulipomfikia sultani, tui limeganda na kijiko kinasimama chenyewe.

Siku ya pili Mwanamize alikimbia. Barabara ilikimbilika, adabu haikukimbilika. Siku ya tatu sultani alitumbukiza kidole chunguni, na kidole kikatoka salama. Akamwagiza bawabu wa saba alete mtaimbo wa kung'olea mafiga.

"Bibi, unakubali kwamba umeshindwa?"

"Sijashindwa, Maulana. Muhogo umefika wa moto."

"Umefika wapi?"

"Nyumbani kwako."

"Nyumbani kwangu ni hapa nilipokaa."

"Samahani, Maulana, mimi mtu wa sokoni, mipaka siijui. Mlango wa kwanza ni wa nani?"

"Wangu."

"Na soko?"

"Langu."

"Na kibanda changu?"

"Kimekaa kwenye ardhi yangu, na makuti yake ni ya minazi yangu."

"Basi muhogo unaivia nyumbani kwako, Maulana. Siku tatu hizi umekuwa tayari kwako kabla sijaupakua. Kinachochelewa si chakula."

"Kinachelewa nini?"

"Mimi mpishi tu. Natandika mkeka, natazama nani hajaja."

Waziri akakohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. Sultani akasema vema, kama vyote ni nyumba yake, basi mafiga yahamie jikoni kwake, ubishi uishe.

"Yahamie," akasema Mwanamize. "Jiko lako liko nyuma ya milango mingapi?"

Sultani hakujua. Akaulizwa waziri, naye akahesabu kwa vidole mpaka vidole vikaisha, akaendelea na vya miguu.

Basi sultani akasema ataufuata muhogo mwenyewe, wakatoka kwa miguu, mvuani: sultani, waziri, na mabawabu wote saba, wa mwisho akiwa na mtaimbo begani, maana hukumu ilikuwa haijafutwa. Sultani hakuwahi kuuona mji wake ukilowa. Mwanamize akamtembeza. Akamwambia siku ya mvua ashike upande wa kulia wa kichochoro, kwani makopo ya kutolea maji ya paa yanamwagia kushoto. Mkaa anunue kwa muuzaji aliyeketi juu ya gunia lake. Aliyesimama, wake umelowa. Na akitaka kuwatazama watu, asihangaike kuzunguka: ajibanze barazani, watamjia wote wenyewe. Sultani akajibanza barazani na muuza ndimu, wakasukumana kidogo, akafurahi mno.

Kibandani hapakuwa na mlango, ila pazia la gunia. Mabawabu wakatazamana, hawana la kufanya. Mwanamize akapakua, chungu kikitokota.

"Puliza kwanza, Maulana."

"Hamali hupuliza. Sultani hapulizi."

Akatia tonge kinywani. Macho yakamtoka, machozi yakafuata. Kinywa kikabaki wazi, sauti haiji.

Waziri, mtu wa taratibu, akaona ndio wakati wa kumaliza shauri. Akainama, akauliza kama mafiga yang'olewe. Sultani akawa anapunga mikono mbele ya kinywa, huku na huku, kwa nguvu zake zote.

"Andika, Bwana Waziri," akasema Mwanamize. "Amekataa kwa mikono yote miwili."

Waziri akaandika. Bawabu wa saba akautia mtaimbo mafigani, akasogeza kuni.