Leseni za Marehemu

Zama hizo wanyama walikuwa hawajajifunza kuogopana. Walichoogopa ni ofisi. Na mwaka ninaousimulia ulikuwa wa kiangazi kikali. Masika yalipita bila tone, mito ikabaki mchanga, na katika nchi nzima ya Simba likasalia bwawa moja tu lenye maji.

Mwanzoni walikunywa kwa kusukumana. Tembo alikanyaga, Nyati alipiga pembe, na wadogo walirudi na vumbi mdomoni. Ndipo Nyani akaja kutoka ng'ambo ya mlima na kitu alichokiita Mfumo. Mabomba yakatandazwa kutoka bwawani hadi kila bonde, kila bomba likawa na lango, na kila lango likawa na kioo. Mlinzi akitaka kufungua maji, anaandika jina lake na neno lake la siri kwenye kioo, lango linafunguka. Lakini asiye na leseni Mfumo haumjui, hata aite kutwa. Leseni moja, jina moja.

"Chui wa nchi jirani ana leseni ngapi?" Simba aliuliza.

"Mia moja, Mfalme," Nyani akajibu.

"Basi mimi nipe mia mbili."

Watumishi wake hawakufika hata mia na themanini, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia. Simba akikohoa tu, wenzake husema amehutubia. Na ili leseni hizo zionekane za heshima, akatangaza kwamba kila mwenye nayo atapata sahani moja ya mchana katika jiko la mfalme: nyama kwa wala nyama, ukoka kwa wala ukoka.

Kazi ya kugawa leseni akapewa Fisi. Msiniulize kwa nini. Siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika barazani, na alikuwa amevaa tai.

Fisi alilisikia tangazo la sahani kwa tumbo, si kwa masikio. Mtumishi akifa, alikwenda mazikoni, akalia kuwashinda wafiwa, kisha akarudi ofisini bila kulifuta jina. Mtumishi akihama nchi kwa njaa, alimsindikiza hadi mpakani, akamtakia safari njema, jina likabaki. Na zile leseni zilizozidi aliziandikia majina ya ndugu zake waliokufa tangu enzi za babu yake. Muda si muda alikuwa na leseni arobaini zisizo na mtu, na zote alizipa neno moja la siri ili asijichanganye. Sahani zao alizichukua mwenyewe, akisema wenyewe wako zamu.

Sasa, katika Bonde la Chini, mlinzi wa lango alikuwa Mzee Pundamilia. Mzee akafariki, na Swala akateuliwa kushika nafasi yake. Alikwenda ofisini kwa Fisi siku ya tatu baada ya maziko.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Nimekuja kuchukua leseni ya lango."

"Marahaba, mwanangu. Leseni zimekwisha. Njoo kesho."

Kesho yake akaja.

"Mfumo uko chini," Fisi akasema, akijifuta mdomo.

"Chini wapi, Bwana? Kama umeanguka, tuuinue."

"Usinifanyie mzaha. Njoo kesho."

Kesho hiyo ilikwenda miezi minne. Bonde la Chini liliishi kwa kijichemchemi kilichokuwa kikitoka kwenye mwamba, tone kwa tone, hadi juma moja kikakauka kabisa. Mtoto wa Swala, wa miezi miwili, akawa hawezi kusimama. Alilala chini akilamba bomba la chuma lililojaa maji ndani. Swala aliyatazama hayo, uchungu ukamshika na hasira ikampanda, akaona akirudi kwa Fisi atafanya jambo ambalo swala hawajawahi kumfanyia fisi. Badala yake akaenda kwa Sungura, tarishi wa baraza.

Sungura alimsikiliza mpaka mwisho.

"Leseni zimekwisha," akarudia polepole. "Mia mbili zimekwisha, na sisi hatuzidi mia na sitini. Bi Swala, hebu nenda ukae na mwanao kivulini. Ijumaa uje barazani."

Barazani kwenyewe mambo yalikuwa yameharibika zaidi. Fisi alikwishamshauri Simba anunue leseni mia nyingine, na Nyani alikwishaandika hati. Bei aliyotaka Nyani ni msitu wa mikuyu kando ya bwawa, kivuli pekee kilichobaki ambamo watoto wa nchi nzima walijihifadhi na jua. Simba alikuwa ameinua kiganja apige muhuri.

"Mfalme, neno dogo," Sungura akasema. "Chui akisikia unanunua nyingine kabla hajaziona hizi mia mbili zikifanya kazi, atasema unanunua mapambo."

Kiganja kikabaki hewani. "Atasema hivyo?"

"Nasikia ameshaanza. Toa amri Ijumaa wote waingie kwenye Mfumo asubuhi moja, kisha majina yasomwe hadharani. Nchi nzima ione ukubwa wako, ndipo upige muhuri."

Simba akaona wazo hilo ni lake, akalitangaza. Sungura naye akapita ofisini kwa Fisi, akasema kama mtu anayepiga porojo: "Mpishi ameniambia, atakayeingia kwenye Mfumo Ijumaa atapewa sahani mbili. Asiyeingia, hata ile moja inakatwa."

"Mbili kwa kila jina?" Fisi akauliza, na mate yakamdondokea kwenye tai.

"Kwa kila jina, Bwana."

Ijumaa, tangu jua halijatoka vizuri, Fisi alikuwa mbele ya kioo cha ofisi yake. Aliandika jina, akaandika neno la siri, Mfumo ukampokea, akatoka. Akaandika jina lingine, neno lile lile, akatoka. Miezi yote hiyo hakuwa amefanya kazi siku nzima, na sasa kucha zilimwuma. Jina la arobaini alilimaliza jasho likimtiririka, akakimbilia barazani akiwa na kapu mgongoni la kubebea sahani.

Wanyama walikuwa wamejaa. Sungura akasoma majina, na kila aliyeitwa akajibu yupo. Yalipofika yale arobaini, Fisi ndiye aliyejibu.

"Kongoni wa Lango la Kaskazini."

"Yupo. Yuko zamu."

"Nyumbu wa Korongoni."

"Yupo. Naye yuko zamu. Sahani zao nitawapelekea."

"Mzee Pundamilia wa Bonde la Chini."

"Yupo," Fisi akajibu upesi. "Ameingia leo asubuhi yeye mwenyewe."

Halafu upande wa wanawake akasimama Bi Pundamilia, mjane wa marehemu. Siku hiyo ilikuwa ya pili tangu atoke eda, na ndiyo kwanza alikuwa amepaka wanja.

"Bwana Fisi, yupo wapi?"

"Yuko zamu, shemeji."

"Miezi minne na siku kumi nimekaa eda," mjane akasema, wala hakupaza sauti. "Sikutoka mlangoni, sikujipamba, sikuitazama njia. Wewe ulikuja matangani ukala wali sahani tatu ukinipa pole. Kumbe mume wangu yuko kazini. Basi mwambie arudi nyumbani, na kama hataki kurudi aniandikie talaka, nijue moja."

Baraza zima likaangua kicheko. Hata Twiga, ambaye huchelewa kuelewa kwa sababu ya urefu wa shingo, alicheka. Fisi akatafuta pa kuangalia, akakosa.

"Ni kosa la Mfumo," akasema.

Hapo Nyani akaruka, maana bidhaa yake ilikuwa imetukanwa mbele ya mnunuzi. "Mfumo haukosei. Mfumo unaonyesha majina arobaini yameingia asubuhi hii kupitia kioo kimoja, kioo cha ofisi ya mgawaji. Na yote yana neno moja la siri."

"Neno gani?" Simba akanguruma.

Nyani akakohoa. "Nyama, Mfalme."

"Hata Pundamilia?"

"Hata Pundamilia."

Nguchiro, mpishi wa mfalme, akajitokeza na upawa mkononi. "Mimi nilishangaa, Mfalme. Sahani za ukoka nazo alikuwa akizichukua. Siku moja nilimchungulia nyuma ya jiko, anatafuna majani huku amefumba macho, ili sahani isirudi imejaa."

"Bwana Fisi," Sungura akasema kwa upole, "sisi hatutaki kukuonea. Kama hawa arobaini wapo, waite waje wafungue malango yao sasa hivi, watoto wanakufa kiu. Kama hawapo, tuambie sahani zao zililiwa na nani."

Tumbo la Fisi ndilo lililojibu kwa kunguruma, na kila mtu akalisikia.

Simba alikasirika sana. Nasikitika kusema kwamba hakukasirika kwa ajili ya kiu ya Bonde la Chini. Alikasirika kwa kuwaza Chui atakavyocheka. Lakini hasira ya mkubwa, hata ikikosea njia, mara nyingine hufika panapotakiwa. Akaamuru majina arobaini yafutwe pale pale. Leseni ya Mzee Pundamilia ikaandikwa jina la Swala, na kazi ya kugawa akapewa Kobe, mtu wa polepole ambaye, akisikia msiba, hufuta jina kwanza ndipo alie. Hati ya msitu wa mikuyu Nyani akaikunja mwenyewe bila kuambiwa.

Swala hakungoja hotuba. Alikimbia hadi Bonde la Chini, akaandika jina lake na neno lake la siri kwenye kioo, na lango likafunguka. Maji yalitoka na kutu kidogo, kisha yakawa safi. Akamsukuma mwanawe kwa pua mpaka mdomo ukafika majini. Mtoto akanywa, akapumzika, akanywa tena, na jioni alisimama.

Fisi naye, kesho yake mchana, alikwenda jikoni kwa mfalme akiwa na sahani moja tu, ile iliyokuwa haki yake kweli. Alijipanga nyuma ya wenzake kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Zamu yake ilipofika, Nguchiro akaangalia kioo, akaangalia tena.

"Jina lako halimo, Bwana Fisi. Kobe alifuta arobaini na moja."

Mla cha mwenziwe, na chake huliwa.