Sungura Aliyenyweshwa Kwenye Daftari

Sogeeni karibu, na aliye na jibu kabla ya swali alishike kwanza. Hadithi hii ina wanafunzi watatu wa darasa la tano, sungura mmoja, na fomu moja. Msiidharau fomu.

Katika shule moja ya milimani, ambako ukungu huingia darasani bila kubisha hodi, walikuwapo Gwakisa, Bupe na Subilaga. Gwakisa alikuwa na masikio. Kila mtu anayo, ndiyo, lakini ya Gwakisa yalifanya kazi: pikipiki ya Mwalimu Mkuu ikiwa bado ng'ambo ya mto, yeye ameshaisikia, na darasa zima limeshakaa kimya kama wacha Mungu. Bupe alikuwa na mikono. Ukichomwa na mwiba ulimwendea Bupe, akakuuliza habari za nyumbani, na kabla hujamaliza kujibu mwiba uko kiganjani mwake. Subilaga alikuwa na mwandiko. Herufi zake zilisimama mstarini kama wanafunzi siku ya mgeni, na kwa ajili hiyo akakabidhiwa daftari la sungura.

Sungura mwenyewe alitoka wilayani, kwa mradi wa kuwafundisha watoto uwajibikaji na huruma. Alikuja na barua yenye mihuri miwili iliyothibitisha kwamba ni dume. Watoto wakamwita Mheshimiwa, maana alitafuna muda wote na hakujibu maswali. Daftari lake lilikuwa na safu nne kwa kila siku: maji, majani, usafi, hali ya mnyama. Mwenye zamu anatimiza kazi, Subilaga anaandika.

Alhamisi ya wiki ya pili ikaja habari kwamba Afisa Elimu Kata yuko njiani kukagua mradi. Mwalimu Mkuu akalifunua daftari, akakunja uso.

"Mbona Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni tupu?"

"Hazijafika, Mwalimu," Subilaga akasema.

"Najua hazijafika. Barua inasema daftari liwe limejazwa kikamilifu. Ukurasa wenye mapengo haujakamilika. Jaza."

Akajaza. Afisa akaja, akautazama ukurasa, akaupiga picha, akauliza mkono huu ni wa nani, akamfanya Subilaga asimame apigiwe makofi. Bandani hakufika. Kulikuwa na tope, na viatu vyake vilikuwa vipya.

Sasa sikilizeni. Zamu ya Jumamosi na Jumapili ilikuwa ya Subilaga mwenyewe. Jumamosi alikuwa kwa shangazi yake akisukwa, na kichwa kilipofika nusu akakumbuka banda. Akajiambia: si nimeshaandika. Msicheke. Hakuna kazi nzito kuifanya kama ile iliyokwisha kuandikwa kwamba imefanyika. Jumapili hakukumbuka. Au alikumbuka akajifanya hakukumbuka. Hilo hakupenda kulichunguza.

Jumatatu asubuhi Bupe, mwenye zamu, alimwaga maji kwenye bakuli, akaenda kutafuta majani. Watoto wengine walikuwa wakipita kwenda mstarini. Gwakisa akasimama.

"Mheshimiwa anasaga meno."

"Ulitaka asage nini, mahindi?" wenzake wakasema.

"Hana kitu mdomoni. Hivyo ndivyo babu anavyosaga mgongo ukimuuma."

Wakaendelea kumtania wakielekea mstarini, lakini yeye hakuwafuata. Akaenda kumvuta Mwalimu Mwakalinga, mwalimu wa sayansi, chai yake ikiwa bado mkononi. Na kweli, sungura alikuwa amejikunja pembeni, macho yamefumba nusu, na bakuli la maji hatua mbili mbele yake lakini hana nguvu ya kulifikia.

Mwalimu akampigia simu Bwana Mifugo, akaweka sauti nje ili watoto waliokwisha kusanyika wajifunze.

"Tumbo likoje?"

"Gumu."

"Amekunywa maji lini?"

Mwalimu akalifunua daftari. "Jumamosi, asubuhi na jioni. Jumapili vilevile. Majani amepewa, mengi. Hali ya mnyama: njema sana."

Subilaga alikuwa nyuma ya wenzake, nywele zake mpya kichwani. Lile neno "sana" alikuwa ameliongeza mwenyewe, ili mstari ujae.

"Basi amezidisha," Bwana Mifugo akasema. "Majani mabichi na maji mengi, tumbo limevimba. Mwondoleeni maji kabisa mpaka kesho. Mpeni majani makavu tu."

Subilaga hakusema kitu. Mwalimu akashukuru, akakata simu. Bupe, aliyekuwa amerudi na majani, akainama, akaingiza mkono bandani, akalitoa lile bakuli taratibu bila kumwaga hata tone, akaanza kuondoka nalo. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Rudisha," Subilaga akasema.

"Nirudishe nini?"

"Maji. Hakunywa. Jumamosi hakunywa, wala jana. Sikuja."

Mwalimu Mwakalinga akalitazama daftari, akamtazama yeye. "Mbona hapa imeandikwa?"

"Niliandika Alhamisi."

Hakuna aliyemgombeza. Wangemgombeza, ingekuwa nafuu. Mwalimu alikohoa, akatazama upande wa ofisi ya Mwalimu Mkuu, akapiga simu tena, na agizo likageuka: anyweshwe, tone kwa tone. Gwakisa alizitazama nywele za Subilaga, mistari yake ilivyonyooka, na Subilaga akatamani angekuwa na kitambaa, au ukungu.

Ndipo ikaja zamu ya Bupe. Aliketi chini, akampakata Mheshimiwa kwenye sweta lake, akachovya ncha ya kitambaa safi kwenye maji, akamdondoshea pembeni mwa mdomo. Tone. Anasubiri ameze. Tone. Ukiharakisha anapaliwa, ukichelewa anazimika. Akafanya hivyo mpaka adhuhuri. Mtihani wa hesabu ulimpita, akapata sifuri, kwa sababu, mwalimu wa hesabu alieleza kwa masikitiko, utaratibu hauna nafasi ya sungura. Kengele ya kurudi nyumbani ilipolia, Mheshimiwa aliinua kichwa akaanza kutafuna sweta.

Wiki mbili baadaye dume lile likazaa watoto watano. Kwenye daftari bado ni dume. Kusahihisha kunahitaji barua kutoka wilayani, na inasubiriwa.

Iliyokuja ni barua nyingine. Watoto wa sungura wakishaacha kunyonya, ilisema, mmoja apewe mwanafunzi mmoja (1) aliyeonyesha uwajibikaji na huruma katika kumwokoa mnyama, wengine wagawiwe shule jirani. Tarakimu iliwekwa kwenye mabano, asije mtu akaelewa wawili.

Mwalimu Mwakalinga akasimama mbele ya darasa na fomu iliyokuja na barua hiyo, yenye nafasi ya jina moja.

"Bila mimi mngekuta mzoga saa nne," Gwakisa akasema. "Mlikuwa mnanicheka."

"Masikio yako yalimnywesha?" Bupe akamuuliza. "Mimi nina sifuri ya hesabu. Mama ameshaniuliza mara tatu."

"Basi ni wewe au mimi."

Bupe akamgeukia Subilaga. "Bakuli nililibeba mimi," akasema. "Ningefika nalo jikoni, angekufa, tena kwa maagizo. Huyu ndiye aliyenirudisha."

"Huyu ndiye aliyemnyima maji," Gwakisa akasema. "Mtu achome nyumba, halafu tumpe zawadi kwa kuita majirani?"

"Nani alimlazimisha kusema? Angenyamaza, daftari lingemtetea."

"Alinyamaza. Simu mbili zilizungumzwa pale."

"Ilikuwa moja. Ya pili ilipigwa kwa sababu alisema."

Darasa likageuka. Mwalimu akauliza kwa upole, "Subilaga, unamtaka?"

Alikuwa na jibu lake tayari tangu asubuhi: simtaki, wapeni wenzangu. Sentensi nzuri, ya kuandikwa. Lakini mchana huo, kama kila mchana tangu Jumatatu ile, zamu yake au ya mtu mwingine, alikuwa bandani na kopo la maji, na mtoto mmoja wa sungura, wa kijivu, mwenye sikio moja lililolala, alikuwa amesinzia kiganjani mwake. Alimtaka kweli. Aliona aibu kumtaka, na akajua kwamba akisema hamtaki, watamsifu, kama Afisa alivyomsifu.

"Namtaka, Mwalimu," akasema, akiitazama sakafu.

"Huyu hana haya," sauti moja ya nyuma ikasema. Wachache wakacheka. Bupe hakucheka. Gwakisa, mwenye masikio yake, alisikia jinsi Subilaga alivyokuwa akipumua.

Mwalimu akaiweka fomu mezani. Alijua ni nani aliyesema "jaza", na fomu haikuwa na nafasi ya kuliandika hilo.

Haya, ninyi mliosikiliza. Mmoja alisikia wengine walipocheka. Mmoja alinywesha tone kwa tone akakosa mtihani. Mmoja alisema ukweli uliomponya mnyama, na uongo uliomuumiza ulikuwa wake pia. Nafasi ya jina ni moja, na mtoto wa sungura amelala kwenye boksi, anasubiri kujua anakwenda nyumbani kwa nani. Kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina gani?