Songali Aliyetoka Kasai

Hadithi hii nilisimuliwa na Kavuo mwenyewe mwaka wa 2003, tukipukuchua maharage kwake Vulamba, hapa Butembo. Nikaona inathibitisha methali ya wazee: siri ya mtungi aijuaye kata.

Vita vilipofika Mabalako, Kavuo alimpoteza mumewe, Siméon. Alikimbilia Butembo na binti yake Adèle, wa miaka kumi na minne, aliyekuwa kimya kama jiwe la mtoni. Hakula vizuri, hakulala. Kila Alhamisi alikwenda parokiani, kwenye chumba cha kusikiliza vijana, akazungumza na mama Kapinga, mshauri aliyetoka Kasai. Katika mwezi wa pili wa mazungumzo hayo akaanza kumaliza sahani yake. Kavuo alifurahi, lakini wivu ulimkereketa kama moshi wa kuni mbichi: mgeni anajua, mzazi hajui.

Alhamisi moja alimfunga kuku miguu, akaingia kwa Kapinga. Adèle alikuwa nje akingoja zamu yake. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, akasikia yote.

"Mama Kapinga, kuku ni yako. Uniambie mutoto anasemaka nini. Mimi ndiye nilimuzaa."

Kapinga alimweleza kwamba uhai wa mtoto ukiwa hatarini, angemwita mbio. Mengine yalikuwa ya Adèle. Kavuo akamrushia maneno kuwa watu wa Kasai hawajui heshima ya mzazi. Kapinga akacheka kidogo.

"Kwenu Banande, binti anaambiaka nani siri yake?"

"Songali," alijibu Kavuo, maana kwao shangazi, dada wa baba, ndiye msiri wa binti.

"Na songali anaikimbizaka kwa mama?"

Kavuo akamtazama kuku. "Hapana. Akifanya vile, binti hatamuambia tena kitu."

"Donc, basi, songali yake alibakia Mabalako. Uniache nishike nafasi yake. Na kuku yako itage kwanza."

Kavuo akarudi na kuku kwapani.

Jumapili mvua ya alasiri iliwafungia ndani. Adèle akasogea karibu.

"Mama, siku ile nilisikia masasi ya bunduki, nikakimbia. Sikumuita papa."

Adèle alikuwa ameogopa kwamba mama atamchukia. Kavuo akamvuta kifuani: hilo ndilo alilotaka kulinunua kwa kuku!

"Papa yako angekugombeza kama ungerudi," alisema. "Aksanti kwa kufika, mwanangu."

Walilia, kisha Adèle akasinzia mapajani mwake. Kavuo alimshukuru Mungu, akamshukuru Kapinga, akahesabu kichwani mayai ambayo kuku yule angetaga, ampelekee. Alipofika la sita, naye usingizi ukamchukua. Kweli, siri ya mtungi aijuaye kata, na asiyeuvunja mtungi hunyweshwa.